Lami ya Sebuleni

Sebule ya baba mkwe wangu kule Kibwezi haikuwa na nafasi ya mgeni kukaa. Ilijaa meza moja kubwa ya mbao, na juu ya meza kulikuwa na Kibwezi nyingine: stesheni, reli, na gari moshi dogo la kuchezea aliloachiwa na bosi wake Mzungu alipofungasha kurudi kwao. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli, kumbe kichwa bado kiko kazini.

Mikono yake ilishaanza kutetemeka, basi kutengeneza barabara zote za pale mezani nikaachiwa mimi. Sikuulizwa. Na kwetu Ukambani mke wa kijana haketi chumba kimoja na baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Ndiyo nthoni, heshima yenyewe. Kwa hivyo nilifanya kazi akiwa ametoka, naye alikagua nikiwa jikoni. Palipomkera aliweka kijiti cha kiberiti. Nikirudi nakuta kijiti, narekebisha. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, mimi na yeye.

Lami ya kwanza niliikoroga na uji wa unga, sisimizi wakaila barabara ya Mombasa yote. Ya pili nikatumia majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, makaa yaliyosagwa, na utomvu wa mgunga uliochemshwa. Hiyo ilishika kabisa. Kingo nikazimegamega kwa kucha na kunyunyiza udongo mwekundu, maana nani aliwahi kuona barabara ya kwetu yenye kingo nzima? Stendi ya malori nikaitia madoa ya masizi na mafuta, pale malori hulala yakivuja oili. Ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Nilimsikia mzee akimwonyesha jirani, "Tazama lami yangu." Yake!

Wakati huo nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu, upande wa Kitui. Mume wangu, aliyekuwa kazini Mombasa, alisema neno la boma ni la baba yake. Mama mkwe, kila nilipomsihi aniulizie, alinijibu, "Ngoja mzee apoe." Kupoa gani, na chuo kinafunguliwa Jumatatu? Nilikuwa kama mbuzi wa kamba, majani nayaona, shingo haifiki.

Basi nikasema kwa lugha yetu. Nikaunda basi kwa bati la kopo, nikaliegesha pale stendi, mlango wazi, limeelekea Kitui. Kando yake nikasimamisha mwanamke wa kijiti, sanduku mkononi, nimemvalisha kipande cha leso yangu. Mzee aliijua ile leso. Iliangikwa kwenye kamba ya nguo kila siku.

Asubuhi nikamkuta yule mwanamke kwenye kisima cha pale mezani, nyuma ya nyumba za stesheni. Nikamrudisha stendi. Akarudishwa kisimani. Nikamtoa tena, na safari hii nikamgandisha miguu kwa utomvu, nikaacha ukauke mchana kutwa. Nikajiambia, huyu sasa hang'oki bila lami kung'oka, na mzee anaipenda lami hii kuliko watu wa nyumba yake.

Jumapili baada ya kanisa, nikiwa jikoni, nilimsikia akiingia sebuleni. Halafu nikasikia kisu, kwaru, kwaru, kwaru. Mama mkwe alinitazama mara moja, akainamia sufuria yake.

Alipotoka niliingia. Katikati ya stendi kulikuwa na shimo lililofika hadi kwenye mbao. Mwanamke alikuwa kisimani, na kipande cha lami bado kimeshikamana na miguu yake. Kando ya shimo mzee alikuwa ameweka kijiti cha kiberiti.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira, leso mdomoni nisisikike. Jumatatu chuo kilipofunguliwa, mimi nilikuwa jikoni nachekecha majivu ya kuziba shimo.