Papa Gideoni Alikuja na Ovaroli Yake

Siku yangu ya kwanza gereji, hapa ughaibuni, kule Herndon, nilipewa ufagio. Nilikuja kujifunza injini nikapewa ufagio, kwa sababu ni mwanamke na nina mimba ya mwanangu Baraka. Nilifagia kwa hasira mpaka msimamizi wetu, Mtanzania wa Kigoma, akanitoa hapo akaniweka kwenye beseni la kuoshea vipuri. "Shika chuma mpaka kikuzoee," aliniambia. Ndivyo nilivyoanza.

Mimi si mzee, wadogo zangu. Nina watoto wawili na meno yangu yote. Lakini kazi ile nimeiacha, na aliyeacha kazi ana haki ya kuisimulia.

Baraka alipoanza kutembea nilihamia gereji moja upande wa Upper Marlboro. Mwenyewe alikuwa Mkenya, tulimwita Bosi tu. Pale ndipo nilipoanza kufungua injini za malori. Injini ikichoka, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuifumua: unaishusha, unaitawanya yote mezani, silinda unazipeleka kuchongwa, unaweka pistoni na ringi mpya, unairudisha. Ni kazi ndefu, na lori linakalia nafasi ya watu wengine. Ya pili ni kuitoa kabisa na kuweka nyingine iliyotoka kwenye lori lililogongwa. Hiyo ni haraka. Bosi alipenda haraka.

Papa Gideoni alikuwa mtu wetu wa Uvira. Kule nyumbani alikuwa fundi wa malori. Hapa anasafisha ofisi, anaamrishwa na watoto. Lakini alikuwa na lori lake la zamani la dizeli, lisilo na kompyuta hata moja, na kila familia mpya iliyofika kutoka kambi ya wakimbizi, vitanda vyao vililetwa na lori hilo. Kila Jumapili baada ya ibada alifungua boneti palepale nje ya kanisa letu, Takoma Park, wanaume wenye suti wakamzunguka, naye akawafundisha kwa kusikiliza mlio. Mtu akimwambia alipeleke gereji, alijibu, "Gereji ya nini? Fundi ndiye mimi." Siku zake sita zilikuwa za ufagio. Ile ya saba ilikuwa yake.

Sasa ile injini ikaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Kuishusha peke yake asingeweza, hana winchi. Akalileta lori kwetu.

"Mzee, hii injini imechoka," Bosi alimwambia. "Tuifumue, ama nikuwekee ingine? Niko na moja safi hapo nyuma."

Papa alivua kofia, akacheka. "Ah, Bosi. Ninyi ndio mafundi. Mimi nitasema nini mbele yenu?"

"Poa. Basi niachie."

"Haya. Jumamosi nitapita."

Hapo ndipo palipoharibika, na mtu wa kwetu anaona mara moja. Kwetu mzee akiwa kwa mwenyeji hasemi anachotaka kwa kuulizwa mara moja. Ni kama chakula: ukikaribishwa unasema nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Mwenyeji anarudia. Unakataa tena. Ya tatu ndiyo unanawa mikono. Papa alikuwa bado kwenye "nimeshiba", Bosi akaondoa sahani.

Nilimfuata Bosi ofisini. "Hajakubali. Anangoja umuulize tena."

"Mama Baraka, mtu mzima amesema. Unataka nimbembeleze kama bibi harusi?"

"Ndiyo. Mbembeleze."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sawa, sawa, nitampigia. Wacha nikunywe chai."

Mchana ule Baraka alishikwa na homa, nikakaa naye nyumbani mpaka Jumamosi. Nilipofika gereji, Papa Gideoni alikuwa anaingia getini. Amevaa ovaroli yake ya buluu ya Uvira, imepigwa pasi, mkononi sanduku la spana. Alikuja kufumua injini yake pamoja nasi. Ndicho alichokuwa anakitaka muda wote.

"Mmeshaishusha?" aliuliza, anakunja mikono.

Bosi, amejaa sifa, aligeuza ufunguo. Lori likawaka hapohapo. "Sikia hiyo, Mzee! Kama cherehani!"

Papa alisikiliza. "Na ile yangu?"

"Ile ilibebwa na watu wa skrepa. Usijali."

Akainama kwenye boneti. Ndani mlikuwa na nyaya na vifuniko vya plastiki. "Pampu yake nitaifunguaje?"

"Hiyo hufungui, Mzee. Siku hizi ni kompyuta. Ikisumbua unaniletea."

"Nakuletea," Papa alirudia, polepole. Kisha akatushika mkono sote, mmoja mmoja. "Merci. Mumefanya kazi." Sanduku hakulifungua.

Siku ile nilimpigia Bosi kelele mbele ya wateja. Alinijibu, "Kwani haiwaki?" Inawaka! Mpaka leo inawaka, na hilo ndilo linaloniua. Ingekufa barabarani ningekuwa na la kusema.

Papa naye nilimkasirikia. "Kwa nini hukusema hapana?"

"Hakuniuliza, mwanangu."

"Alikuuliza, nilikuwepo!"

"Aliniuliza mara moja."

Gereji niliiacha kwa mimba ya pili, Bosi aliposema tumbo langu halipiti chini ya lori. Sasa naogesha wazee wa watu, na kila mmoja namuuliza mara tatu kama maji ni moto, mpaka wananigombeza. Lori wanaliendesha vijana wa kanisa. Papa aliwapa ufunguo bila maneno mengi.

Jumapili iliyopita nilifungua boneti ya gari langu nje ya kanisa. Mkanda wa injini unalia, dawa yake naijua, ningeukaza mwenyewe nikiwa na viatu vya kanisani. Nilimwita Papa Gideoni. Alikuja, akatega sikio, mkono ukaenda mpaka karibu na mkanda, ukasimama.

"Nisaidie, Papa."

"Peleka kwa fundi, mwanangu."

Nikamwomba tena. Akatikisa kichwa. Nikamwomba mara ya tatu, kama inavyotakiwa, nikangoja anawe mikono.

Akafunga boneti taratibu, asije akaiumiza. "Peleka kwa fundi."