Doa Jeupe Usoni

Kendi hapendi kuambiwa pole. Mamake alipozikwa Meru, mipaka ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona, aliangalia mazishi kwenye simu akiwa ng'ambo, Toongabbie, akaizima, akapiga pasi yunifomu na kwenda kazini kwenye makao ya wazee. Wenzake wakamsifu kwamba ana moyo. Moyo gani? Hakusikia chochote.

Familia za wazee zilikuwa zimekatazwa kuingia, kwa hiyo Kendi ndiye aliyemlisha Mzee Harold uji na kumsikiliza akisimulia habari za baba yake, aliyekwenda Ncha ya Kusini enzi za sleji za kuvutwa na mbwa. Wenzake wengine walitumbukia kwenye nyufa za barafu. Wengine njaa iliwalazimu kula mbwa wao.

“Na baridi?” Kendi aliuliza, alimradi tu uji uishe.

“Baridi ikiuma si neno,” alisema mzee. “Shida ni ikiacha kuuma. Nyama inakufa na mwenyewe anajiona mzima. Ndiyo maana walikaguana nyuso. Ukiona doa jeupe kwa mwenzako, unavua glavu, unaweka kiganja hapo mpaka maumivu yarudi. Baba alisema wanaume walilia.”

Akamtazama Kendi. Juu ya barakoa kulikuwa na ngao ya plastiki ya kufunika uso.

“Vua hiyo.”

“Siruhusiwi, Mzee.”

Mzee akainua mkono, akabandika kiganja juu ya plastiki, usawa wa shavu la Kendi.

Kendi alisimama na bakuli mkononi, akingoja maumivu yarudi.

Hayakurudi.