Posa Iliyopishana Mlimani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetukutanisha ugenini na kutufunza kungojana.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoka mji wa Falls Church, huku Marekani, na washenga wangu kwenda Pittsburgh kumposa Zuhura. Simu za mkononi hazikuwapo. Baba yake mkubwa, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona, aliishi juu ya mlima, na alituhimiza tuwahi kwa sababu jioni anaingia zamu hospitalini. Tukimkosa, hatukujua angetupa lini siku nyingine.

Mlima ule hupandwa kwa vigari vya zamani vya reli, viwili, vimefungwa kamba moja ya chuma: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Katikati tulipishana na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Mzee Shomari, kiongozi wetu, akampungia mkono.

"Waswahili hatukosekani!" akasema.

Juu hatukukuta mtu. Mkata tiketi akatuambia mwenyeji wetu ameshuka kutupokea.

"Aibu hii!" Mzee Shomari akashtuka. "Mwenye binti atungoje sisi huko chini? Turudini."

Tukashuka. Katikati, kofia ile ile inapanda! Mzee wa watu anagonga kioo, anatuashiria turudi juu. Mzee Shomari naye anamwashiria ashuke. Sikujua tena nani mgeni, nani mwenyeji, wala kama bado naoa.

Tulipofika chini, Mzee Shomari akataka tupande tena. Shangazi yangu, Bi Mwanaidi, akaketi kwenye benchi.

"Mimi hapa siondoki."

"Bi Mwanaidi, tutaonekana hatuna adabu."

"Adabu gani ya kukimbizana kama kuku? Akishuka tena atamkuta nani? Kaeni!"

Tukakaa. Kigari kikaja, akatoka baba mkubwa, jasho linamtiririka, saa ya kazi imemkaribia.

"Mmetulia? Alhamdulillahi!"

Posa ikasemwa pale pale kituoni. Akaipokea huku anacheka, akakimbilia zamu yake. Zuhura alikuwa juu na sinia la pilau, hajui kama ameshaposwa.

Mwanangu, nawaona siku hizi mkigombana na wenzi wenu, kisha kila mmoja anampigia mwenzake kuomba radhi wakati ule ule, na simu zote mbili zinatumika. Kila mmoja anadhani amepuuzwa. Nia njema mnayo wote. Ila mmoja na atulie, apatikane. Kwetu, mimi na Zuhura, mpaka leo tukikosana, mmoja husema tu, "Niko kwenye benchi," na mwenzake anajua pa kuja.

Nawe unayesoma, Mungu akujaalie mtu wa kukungoja, na akufikishe kwake salama. Amin.