Mfumo Wenye Mdomo

Kompyuta za mzee mmoja Msomali, mwenye duka la intaneti katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, zilikuwa zimekufa diski zote kwa vumbi na joto. Mimi, fundi wa Lodwar, nilimwambia diski si lazima. Ningemtengenezea mfumo mdogo unaokaa kwenye flashi: unachomeka, unawasha, unafanya kazi, jioni unachomoa unaondoka nao mfukoni.

"Kama meno ya bandia," akasema.

"Hasa, mzee."

Nilichukua mfumo wa bure nikaupunguza bila huruma. Michezo nje. Mapambo nje. Lugha za nchi ambazo hakuna Mturkana aliyepanga kwenda, nje. Ikabaki kuandika, kuchapisha na intaneti. Maonyo yalikuwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyekuwa akiyasoma, basi nikaandika yangu kwa Kiswahili, mchana wa Lodwar, feni ikinizungushia joto lile lile. Ukikosea nywila: "Hata wewe mwenyewe hujijui?" Ukichomoa flashi kabla ya kuzima: "Nani kakutuma?" Nilikusudia kuyalainisha kabla ya kwenda Kakuma. Sikuyalainisha.

Kompyuta zote ziliwaka. Mzee akamshukuru Mungu. Mteja wa kwanza alikuwa mchungaji, amekuja kuchapisha tangazo la mkutano wa injili. Printa ilichelewa, naye akabonyeza, akabonyeza tena, akaendelea. Skrini ikamwambia: "Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Akasimama. "Nani anaongea na mimi hivi?"

Mzee akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akashikilia meza. "Mchungaji, kwani iko wongo? Wewe nabonyeza kama nakanda chapati!"

Mchungaji akaweka mkono juu ya skrini, akakemea kwa jina la Yesu. Hapo hapo printa ikaanza kutema karatasi, nakala moja kwa kila mara aliyobonyeza. Akazikusanya zote, ameshinda vita.

Niliporudi Lodwar nilitengeneza mfumo mwingine wenye adabu, "tafadhali" kila mahali, nikautuma. Haukupita muda mzee akanipigia.

"Abaayo," akaniita, yaani dada kwa Kisomali, "umefanya nini kompyuta yangu? Sasa iko kama karani ya serikali. Watu nauliza ile ya mdomo iko wapi."

Nikaurudisha ule wa kwanza. Siku hizi vijana wa kambini wananitumia maonyo yao, mengine kwa Kiswahili cha Kongo, wakitaka niyaingize. Kuna ambayo nimelazimika kuuliza maana, na nilipoelezwa nikayafuta upesi. Moja nimeliweka, la printa ikiishiwa karatasi: "Mchungaji amepita hapa."