Eda ya Thuwaiba

Thuwaiba wa Michenzani alikuwa hataki kulisikia neno eda. Ukilitaja tu, atakuuliza umekuja kunywa chai au kumzika mumewe. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mrefu wa maneno, mshona kofia za mkono. Kofia yake moja humchukua wiki mbili, na ukimwambia ni ghali atakuonesha mlango.

Mumewe, Amour, ndiye aliyekuwa akizipeleka kuziuza katika mji mdogo wa bandari, kaskazini ya Msumbiji. Hakosi kurudi kila baada ya miezi mitatu. Halafu waasi wakauvamia mji ule. Redio ikasema waasi wameingia Jumatano, jeshi limeurudisha mji Ijumaa, kisha ikahamia kwenye mpira. Tangu Jumatano ile simu ya Amour ikawa haipatikani.

Ikapita miezi mitano. Mama mkwe wake, Bi Mize, alikuwa keshamlilia mwanawe, anataka khitma isomwe na mkwewe akae eda: miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato wala wanja.

"Mama, mimi nna mume," Thuwaiba akamjibu. "Mwenye mume hakai eda."

Na kila asubuhi akajifukiza udi, akapaka wanja, akapiga ile simu. Majirani wakamcheka. Mimi nasema anayemcheka hajafikwa, na anyamaze.

Jumatatu moja, baada ya alasiri, akaja Mbarouk, Mtumbatu aliyekuwa na duka ubavuni mwa duka la Amour kule. Anatembelea gongo, maana alipigwa risasi ya mguu akikimbilia mpakani, akalazwa Mtwara muda mrefu. Bi Mize akamwita na Maalim Miraji, imamu wa msikiti wa mtaani, ili maneno yasikiwe na mtu anayeijua sheria.

Mbarouk akahadithia. Waasi walipitia mashamba ya chumvi, wakashika benki na kituo cha polisi, askari wakasongwa mpaka bandarini. Siku mbili watu wakauana kwa ajili ya barabara moja, haizidi kutoka hapa mpaka Darajani. Alkhamisi Amour akatoka kutafuta maji. Ijumaa, risasi ziliponyamaza, Mbarouk akakuta maiti watatu kisimani. Mmoja uso wake hautambuliki.

"Nilimjua kwa kofia," akasema. "Kofia ya mkono wako, Bi Thuwaiba. Tukamzika siku ile ile."

"Kaka Mbarouk, mume wangu alikuwa akiuza nini kule?"

"Kofia."

"Zimeshonwa na nani?"

"Na wewe."

"Mji mzima ule umevaa kofia zangu. Wewe umemzika mteja."

Maalim akakubali kuwa kofia peke yake haitoshi kumfanya mtu mjane. Hata Bi Mize uso ukamkunjuka. Kwa hivyo Thuwaiba alikuwa ameshinda, na mambo yangeishia hapo, lakini Mbarouk akatia mkono mfukoni.

"Nilikuchukulia," akasema, akampa kofia yenyewe.

Kaifua, lakini doa la damu halikutoka lote. Thuwaiba akaipindua. Kofia za kuuza huzikata kwa namba. Kichwa cha Amour kilizizidi namba zote, kwa hivyo yake aliiunga kiraka ndani, upana wa kidole kimoja, na hapana mwengine aliyekijua. Angesema si yake, nani angembishia?

Kiraka kilikuwepo. Akakipapasa mara mbili.

"Ni ya Amour," akasema. "Nifungieni mlango. Nnaingia eda."

Bi Mize akaangua kilio. Maalim Miraji akamuuliza Mbarouk tarehe ya maziko, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Alikuwa haoni pa kuanzia kumwambia.

"Mwanangu," akasema, "eda huanza siku mume alipokufa, si siku khabari ilipofika. Yako ishakwisha. Ina karibu wiki tatu."

Thuwaiba akamtazama. Siku zote zile alikuwa mjane, na yeye anajifukiza udi.

"Hata moja haikubakia, Maalim?"

"Hata moja."

"Basi niazimeni siku moja nimkalie," akasema, na hapo ndipo alipolia.