Amana ya Kapteni

Mwaka ule wa sabini na saba, pale Busia, wanawake wengine wakiamka huchungulia watoto wao kwanza. Maimuna alichungulia samaki. Hakuwapenda hata kidogo. Aliwaogopa, maana uhai wa mumewe ulikuwa ndani ya lile sanduku la kioo lililowekwa sebuleni juu ya meza.

Mumewe, Sulaiti, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka chumvi na sabuni Tororo, wakati ambao madereva walivuka kwenda Uganda na wengine hawakurudi. Siku moja wanajeshi walimzuia njiani, na kapteni wao, badala ya kumfunga, akamwuliza kama kwake Kenya kuna maji ya mfereji. Wiki hiyohiyo kapteni alivuka mpaka bila sare, akaleta kioo na samaki wake. Huko kwao, alisema, maji yamekuwa ya kubahatisha. Kisha akamgeukia Maimuna.

"Mama, hii samaki ikiwa mzima, bwana yako anapita. Ikikufa, mimi sitamjua yeye tena."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomsisimua Maimuna mwili mzima.

Walikuwa samaki wadogo wa rangi ya fedha, wenye mstari mweusi ubavuni, wasiojua kutulia. Walikimbia pamoja kutoka upande hadi upande na kugeuka kwa mpigo mmoja, kama askari wa gwaride. Kapteni alimwelekeza: maji ya mfereji yalale kwenye ndoo kwanza ili dawa ya kusafishia maji itoke, yasibadilishwe yote kwa pamoja, na juu afunike kwa wavu kwa kuwa wanaruka. Walishwe kiini cha yai kilichosagwa, kidogo tu, au viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa. Mengine Maimuna alijifunza kwa hofu. Alijua kwamba anayebaki nyuma ya wenzake ni mgonjwa. Alijua kwamba hewa ikipungua wanapanda juu kutafuta pumzi, naye huchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mpaka mkono unakufa ganzi.

Mama mkwe wake, Bi Safia, aliogopa kwa namna yake. Ijumaa moja, Maimuna akiwa sokoni, bibi huyo alitengeneza kombe: akaandika aya za kinga kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi, akayamimina yote ndani ya kioo. Akaona marashi yaliyobaki chupani yasipotee bure, nayo akayaongeza. Dua haikuwa na kosa, na mtu asije akasema hivyo mbele yangu. Marashi ndiyo yaliyozidi.

Maimuna alirudi akakuta sebule inanukia kama nyumba ya bibi harusi na samaki wanaelea ubavu. Waliopona walikuwa wanne. Bi Safia alikuwa amekaa sakafuni, ushungi mdomoni, akirudia tu kwamba amemuua mwanawe. Maimuna alimpita akakimbilia ndoo.

Wale wanne aliwahamishia kwenye maji safi, lakini hawakukimbia tena. Samaki wa aina ile wakiwa wachache huishiwa na ujasiri, wakajibanza nyuma ya jiwe. Yeyote ambaye angetazama angejua. Na Sulaiti alikuwa ng'ambo.

Akamwendea Wilkister, muuza samaki, akamwomba visamaki hai vya rangi ya fedha kutoka Mto Sio. Wilkister alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, ila alivileta kwenye sufuria. Vilifanana na vile vya kapteni, isipokuwa mstari wao ulikuwa umefifia. Mwanzoni wageni walikwenda kivyao na wenyeji kivyao, kama ndugu waliogombea shamba. Taratibu wakachanganyika, wakaanza kukimbia pamoja. Hapo kapteni akaja.

Aliinama mbele ya kioo muda mrefu. Maimuna alisimama nyuma yake. Nyuma ya pazia tasbihi ya Bi Safia iliacha kugonga. Saa hiyo Sulaiti alikuwa kwenye foleni ya kizuizi cha wanajeshi, akisubiri kupita.

"Hakuna hata moja ilikufa," kapteni alisema.

"Hakuna, afande."

Alipoinuka, alionekana kama mzee. Shati lilikuwa limelowa jasho na hapakuwa na joto. Akasema wenzake wamechukuliwa kutoka kambini na hawajulikani waliko, na zamu yake haiko mbali. Alikuwa akimpima Maimuna tangu mwanzo, alisema. Mtu anayeweza kutunza vitu vinavyokufa ovyo namna ile, huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta.

"Kesho naleta watoto yangu wawili. Mama yao hayuko. Msichana iko na pumu, asilale karibu na moshi. Kijana anakula kidogo kidogo, usimlazimishe."

Aliyaeleza kwa sauti ileile aliyoelezea maji na kiini cha yai. Ukweli ulimfika Maimuna kooni: kwamba wengi wa samaki wale si wa kapteni, kwamba wake walikufa ndani ya nyumba hii hii, tena kwa mkono uliotaka kuwalinda. Akamfikiria Sulaiti kizuizini. Akalitazama tena lile shati lililolowa.

"Walete," akasema.

Kapteni akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa uaminifu wake.