Tangulia, Sisi Tutafuata

Ukitaka kumjua Thuo wa mtaa wa Jericho, Nairobi, mwulize habari za chipu za kompyuta. Usimwulize kama una haraka. Atakuvutia kiti akueleze jinsi kampuni kubwa za ng'ambo zilivyoishika dunia koo, na jinsi kampuni moja ndogo ilivyobuni chipu ya mtindo mpya, inayotumia umeme kidogo, ambayo kompyuta zote zitaifuata. Alivyokuwa akiisifu kampuni hiyo, ungedhani ana hisa ndani. Hakuwa hata na kofia yao.

Mimi ni fundi cherehani sokoni, na banda langu lilipakana na saiba yake, duka la kompyuta na intaneti, ambako watu wa mtaa walikuja kuchapisha karatasi zao. Mwaka juzi aliuza kompyuta zake nzima nzima akanunua za ile kampuni ndogo. Kasoro ilikuwa moja tu. Watengenezaji wa printa hawakuwa wameandika programu ya kuzungumza na chipu hiyo. Wangeiandika, walisema, wakiona watu wengi wanaitumia. Na watu nao walisema wangeitumia wakiona printa zinafanya kazi. Cherehani isiyo na sindano madukani ni pambo la sebuleni, na nilimwambia hivyo.

"Fundi, wewe ngoja tu," alinijibu. "Hawa wadogo wataonyesha watu maajabu."

Alibakiza kompyuta moja kuukuu pembeni ya kuamrisha printa. Mageuzi yote ya Thuo yalibebwa na kizee hicho.

Si kwamba hakujua tatizo. Alivuka barabara akamwendea Gitonga, mwenye saiba kubwa kuliko yake, akamwomba naye anunue. "Tukiwa wengi hapa Eastlands, wenye printa watatusikia," alimwambia.

"Wazo poa sana, Baba Eve," Gitonga alisema. "Wewe tangulia. Sisi tutafuata."

Akaenda kwa wenye saiba wa Ziwani, akaenda kwa wa Huruma, akapata jibu hilohilo. Alirudi akinieleza kwa furaha kwamba wote wamekubali. Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi, lakini Thuo hakufikia hata hapo. Mchawi huogopwa.

Ndipo akaja Asenath. Baba yake, Mzee Wanyonyi, alikuwa amefariki, na mwili ulikuwa unaondoka jioni hiyo kwenda Bungoma. Alitaka kijitabu cha mazishi, chenye picha za familia na maisha ya marehemu. Vijitabu hivyo ndivyo vinavyolisha saiba za huku, na ukiharibu kimoja, mtaa mzima hukukimbia. Thuo alilijua hilo. Alikipanga vizuri kwenye mashine mpya, Asenath akakitazama, akalia kidogo, akasema ni kizuri.

Kisha kile kizee cha pembeni kikagoma kuwaka.

Thuo alikipiga kofi, akakibembeleza, akakipiga tena. Nje, jamaa za Asenath walikuwa wanapiga honi. Mwishowe alitia kazi yake kwenye flashi, akavuka barabara, akamwomba Gitonga amchapishie. Gitonga alicheka mbele ya wateja wake. Kwa aibu Thuo alisimama akitazama sakafu hadi karatasi zikaisha, akazibeba zikiwa bado na joto, akamkabidhi Asenath bila kuzifungua.

Kompyuta za Gitonga zilikuwa zimeisoma kazi ile kwa namna yao, na picha zikahama. Kule Bungoma, waombolezaji walipofungua vijitabu walimkuta Simiyu, mdogo wa marehemu, juu ya tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Simiyu mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, akijipepea na kijitabu hicho. Alipojiona, alisusa kula. Alisema mtu aliyetangazwa amekufa hawezi kula ubwabwa wa matanga.

Mtaa ulicheka, na mimi nilicheka nao. Kisha ukamhama Thuo. Saiba yake ilifungwa, na siku alipoteremsha kibao chake sikuona tena cha kuchekesha.

Mwaka huu moja ya kampuni kubwa ikatoa kompyuta zenye chipu ya mtindo uleule, ikaipa jina jipya. Ghafla watengenezaji wa printa wakakumbuka kuandika programu. Mdogo huzaa wazo, mkubwa hulibatiza. Gitonga alinunua hizo mashine akatundika bango: WA KWANZA EASTLANDS. Kwa kuwa hakujua kuzitumia, alimwajiri Thuo.

Juzi nilikuwa pale nikichapisha bei zangu, Asenath akaingia. Familia inafanya ibada ya kumkumbuka mzee, alihitaji kijitabu kingine. Kilitoka safi. Aligusa ile mashine mpya akatikisa kichwa.

"Gitonga, si ungetuletea hizi mapema. Tusingeaibika vile."

"Mama, kitu kizuri hakitaki haraka," Gitonga alisema. "Nilikuwa nangoja ziive."

Nilitaka kusema neno. Nikakumbuka kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliongoja. Nilimtazama Thuo. Alikuwa ameinama juu ya printa, ameshika nakala ya kwanza, anahakikisha kwamba picha iliyo juu ya jina la marehemu ni ya marehemu. Alipomaliza, alimpa Asenath kwa mikono miwili, na Asenath akamshukuru Gitonga.